Pistoni yenye kupasuka iko na maneno: tuisikilize mbele ya kununua ingine



Kila mara kamio ao Land Cruiser ya koperative inakufa katika njia, ulizo la kwanza katika mukutano wa kamati ni hili: "Pistoni mupya ni bei gani?" Mutunza-feza anahesabu, wanamemba wananung'unika, kisha mutu mumoja anatumwa Lubumbashi ao Mwene-Ditu na feza mufukoni. Kwa maoni yangu, ulizo hilo linakuja mapema sana. La kwanza lingepaswa kuwa: "Ile ya zamani iko wapi? Ilete hapa, tuiangalie."

Pistoni haifi bure. Kuna kitu chenye kuiua, na kitu hicho kinaacha alama juu yake. Kama tunatupa pistoni ya zamani bila kuisoma, tunaingiza ingine katika nyumba yenye mwizi angali ndani. Kisha wiki tatu tunarudia kununua, na feza ni ile ile ya mahindi yetu.

Juu ya nini jambo hili ni la wakulima

Watu fulani watasema: "Gazeti hili ni la kilimo. Mambo ya motere ni ya mafundi." Sikubali. Mahindi ya Kaniama hailiwi yote hapa Kaniama. Magunia mengi inaenda Kasaï: Luputa, Mwene-Ditu, mupaka Mbuji-Mayi, kwenye wamama wanaipima kwa meka katika soko. Reli yenye kutoka Bukama, kupita Kamina na Kaniama, mupaka Ilebo, ilimalizwa mwaka wa 1928, na gari-moshi ya SNCC ingali inabeba mizigo. Lakini kila mukulima anajua ginsi kungojea behewa kunachosha. Ndiyo maana tunategemea pia barabara, na barabara inategemea motere.

Tufanye hesabu ya mufano tu. Tuseme kamio inabeba magunia 100 ya kilo 100: ni kilo 10 000. Kamio ikikufa, mahindi inalala depo, panya na vidudu vinaingia. Muchuuzi anafika na baskili mupaka mulangoni, anasema bei yake. Kama bei hiyo iko chini kwa franka 100 tu kwa kilo moja, koperative imepoteza franka milioni moja katika safari moja, na pistoni yenyewe haijalipwa bado. Basi pistoni ni jambo la kilimo, sawa na mbegu na mbolea.

Pistoni na turbo: kazi yao

Pistoni ni kile kipande cha aluminiamu chenye kupanda na kushuka ndani ya shemizi. Inakandamiza hewa mupaka hewa inakuwa moto sana, injektere inarusha mazuti, mazuti inawaka, na ule muwako unasukuma pistoni chini. Ile nguvu ndiyo yenye kuzungusha magurudumu. Kuzunguka pistoni kuko segema, zile pete za chuma zenye kufunga nafasi kati ya pistoni na shemizi, ili moto usishuke na mafuta yasipande.

Turbo ni kitu cha zamani kuliko watu wengi wanavyofikiri. Alfred Büchi, munjinia wa Uswisi, alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka wa 1905. Wazo lake ni hili: moshi wenye kutoka katika motere ungali na nguvu, tusiuache uende bure. Moshi unazungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo linazungusha lingine lenye kusukuma hewa ndani ya motere. Hewa ikiwa nyingi, mazuti mengi zaidi inaweza kuwaka, na motere ya kimo kile kile inapata nguvu zaidi.

Lakini nguvu hiyo haiji bure. Kuko joto zaidi na musukumo zaidi juu ya kichwa cha pistoni. Aluminiamu safi inayeyuka kwa digri 660, na mbele ya kuyeyuka inakuwa laini. Ndiyo maana pistoni ya motere yenye turbo inatengenezwa kwa njia ingine: iko na nguvu zaidi mahali pa segema ya kwanza, na mara nyingi kuko mudomo mudogo chini ya shemizi wenye kurusha mafuta ya motere chini ya kichwa cha pistoni ili kuipoza. Mutu asiyejua hilo atanunua pistoni kama vile ananunua sahani: inaingia, haiingii, basi.

Kuchagua: kuingia peke yake hakutoshi

Mufano muzuri uko mbele ya macho yetu kila siku. Land Cruiser nyingi zenye mashirika na koperative zinatumikisha katika inchi yetu ziko na motere ya 1HZ, silinda sita, bila turbo. Toyota ilitengeneza pia motere ya 1HD-T, silinda sita, yenye turbo. Pima shemizi za zote mbili: upana ni milimeta 94. Pima mwendo wa pistoni: milimeta 100. Zote mbili zinaitwa "4.2". Muuzishaji wa piesi mwenye haraka anaweza kukuambia: "Papa, ni Land Cruiser 4.2, ni kitu kimoja."

Haiko kitu kimoja. Katika 1HZ, mazuti inaanza kuwaka katika chumba kidogo chenye kuwa ndani ya kulasi, na kichwa cha pistoni hakina bakuli la kuwakia. Katika 1HD-T, injektere inarusha mazuti moja kwa moja juu ya pistoni, na kichwa chake kiko na bakuli lenye kuchimbwa. Tena, 1HZ inakandamiza hewa mara 22.4, lakini 1HD-T mara 18.6 tu, kwa sababu turbo imekwisha kuongeza hewa. Upana ni mumoja, kazi ni mbili.

Kutoka hapo tunaelewa pia kosa lingine lenye kuonekana katika magaraji: kufunga turbo juu ya motere yenye haikutengenezwa kwa turbo, kisha kufungua pompi ili mazuti iongezeke. Siku za kwanza shofere anafurahi, mulima unapandwa kama uwanja. Lakini motere imekwisha kukandamiza sana kwa tabia yake. Sasa tunaiongezea hewa na moto. Kulasi inapasuka, ao pistoni inayeyuka. Kama mutu anawapendekezea kazi hiyo juu ya motokari ya koperative, muulize maulizo mawili: pistoni gani itaingia, na nani atapima joto la moshi? Kama hana jibu, muache turbo yake kwake.

Basi wakati wa kununua, mwenye kutumwa asiende na neno "pistoni ya Land Cruiser" ao "pistoni ya Fuso". Aende na vitu hivi:

– Namba ya motere, yenye kuandikwa juu ya motere yenyewe, si ile ya karatasi peke yake. Motokari nyingi zimekwisha kubadilishiwa motere.

– Pistoni moja ya zamani ndani ya mufuko, pamoja na akse yake. Muuzishaji alinganishe bakuli la kichwa, urefu kutoka akse mupaka kichwa, upana wa akse, na nafasi za segema.

– Kipimo cha shemizi kisha kutengenezwa. Kama shemizi imechongwa, pistoni ya kawaida itacheza ndani yake. Kuko pistoni zenye kuongezwa upana, kwa mufano milimeta 0.50, na namba hiyo inaandikwa juu ya kichwa chake. Muzuri zaidi: nunua pistoni kwanza, kisha fundi achonge shemizi kwa kufuata pistoni hizo, zikiwa mukononi na kupimwa kwa mikrometa.

– Hesabu ya pistoni zote. Uzito wao unapaswa kulingana. Pistoni tano nyepesi na moja nzito zinatikisa motere mupaka bieli na kusineti zinaumia.

Mukebe wenye jina kubwa hauhakikishi kitu, kwa sababu mukebe unachapishwa kwa urahisi. Pistoni haina urahisi huo. Angalia ndani yake: kazi safi, maandishi yenye kusomeka, hakuna mashimo madogo katika aluminiamu, segema zenye alama ya upande wa juu. Kama muuzishaji hakubali uifungue mbele ya kulipa, aga kwa heshima na uende duka lingine.

Kusoma pistoni yenye kufa

Sasa tufike kwa jambo lenyewe. Fundi akifungua motere, mumwambie mapema: asioshe pistoni kwanza. Azipange juu ya gunia, kutoka namba 1 mupaka ya mwisho, kila moja pamoja na segema zake na kusineti zake. Kisha kamati iangalie na ijibu ulizo la kwanza: imekufa moja, ao zote ziko na ugonjwa mumoja?

Kama imekufa moja na zingine ziko salama, tafuta kitu cha silinda ile peke yake: injektere yake, mudomo wake wa mafuta ya kupoza, valvu zake. Kama zote ziko na alama sawa, tafuta kitu chenye zinagawanya pamoja: hewa, mafuta ya motere, maji, pompi, ao muzigo na mwendo. Ulizo hili rahisi linaokoa feza nyingi, na halihitaji diplome.

Kisha tusome alama.

Shimo ao aluminiamu yenye kuyeyuka juu ya kichwa. Mara nyingi ni injektere yenye kudondosha badala ya kurusha kama ukungu, ao pompi yenye kurusha mapema ao kwa wingi. Mazuti yenye maji, ile ya bido za pembeni ya njia, inaharibu injektere polepole. Kununua pistoni bila kupeleka injektere kupimwa ni kutupa feza ku mutoni.

Kichwa chenye kupasuka, hasa ku mudomo wa bakuli. Hapo joto na musukumo vimepita kipimo kwa muda murefu: muzigo wa kuzidi, turbo yenye kuongezwa nguvu, injektere mbaya. Mafundi wa inchi nyingi wanajua habari hiyo kwa motere ya 1KD-FTV ya lita 3.0, ya Hilux na Prado, yenye pistoni zake zimepasuka mara nyingi. Katika motere hiyo, injektere zikianza kugonga ao jointi zake za shaba zikiachia moshi, msingojee.

Mikwaruzo mirefu, rangi ya majivu, juu ya pande zote, na segema ya kwanza nyembamba kama wembe. Ni vumbi. Wakati wa kipwa barabara yetu ni vumbi tupu, na filitre ya hewa yenye kupasuka ao yenye kuwekwa kombo inaingiza muchanga ndani. Uhakikishe kwa turbo: angalia mabawa ya gurudumu lenye kusukuma hewa. Kama ncha zake zimelika, neno limekwisha. Pistoni na turbo vimekufa juu ya filitre yenye bei kidogo.

Alama za kukwama mahali pane, pembeni ya akse, pande zote mbili. Pistoni ilipanuka kwa joto kupita nafasi yake. Angalia maji, radiatere, pompi ya maji, kulasi. Ao fundi aliacha nafasi ndogo sana kati ya pistoni na shemizi.

Kichwa cheusi kwa chini. Pindua pistoni. Kama chini yake kuko mafuta yenye kuungua na kukauka, mafuta ya kupoza hayakufika ya kutosha: mudomo umezibika, mafuta ni ya zamani, ao musukumo wa mafuta uko chini. Pistoni nzuri sana itakufa vile vile hapo.

Nafasi za segema zenye kuvunjika vipande. Mara nyingi ni etere yenye kupulizwa katika hewa asubui ili motere iwake haraka, ao maji ndani ya silinda. Etere inawaka kwa ghafla, kama nyundo. Kama motere haiwake bila etere, ni mugonjwa. Umupeleke kwa munganga, usimupige nyundo.

Alama za valvu ao vidonda vidogo vingi juu ya kichwa. Valvu ziligonga pistoni kwa sababu mukanda wa ndani ulikatika ao uliwekwa vibaya. Ao vipande vya chuma vya turbo viliingia. Turbo ikivunjika, vipande vyote vitafutwe na vihesabiwe mbele ya kufunga motere tena, hata ndani ya mipira na ndani ya radiatere ya hewa.

Mbele ya kufika huko, moshi unasema. Moshi mweusi: mazuti ni mengi ao hewa ni kidogo, angalia filitre na mupira kati ya turbo na motere, kwa sababu tundu dogo linatosha. Moshi wa bluu: mafuta ya motere inaungua; ni segema ao turbo. Moshi mweupe wenye kuendelea hata kisha motere kupata moto: mazuti haiwake muzuri, ao maji inaingia.

"Lakini musimu haungoji"

Najua majibu yenye yatakuja. La kwanza: "Mahindi inaoza depo, hatuna wakati wa kusoma pistoni." Kupanga pistoni sita juu ya gunia na kuziangalia ni kazi ya saa mbili. Kufungua motere mara ya pili ni kazi ya wiki mbili. Mwenye kuwa na haraka ndiye mwenye kuhitaji zile saa mbili kuliko wote.

La pili: "Tuko na fundi, anajua." Fundi muzuri anajua, na fundi muzuri haogope kuonyesha. Hatumunyang'anye kazi yake. Tunamuomba aseme sababu mbele ya wanamemba, kwa maneno yenye mama wa shamba anaweza kuelewa. Kama anasema tu "iliisha wakati wake", hiyo haiko sababu.

La tatu ndilo lenye kuniuma zaidi. Watu wanasema: "Ni shofere." Motere ikikufa, shofere anakatwa mushahara, wakati fulani anafukuzwa, na hakuna mutu aliyeangalia pistoni. Kweli, kuko mashofere wenye kufungua pompi, wenye kubeba mizigo ya siri, wenye kuzima motere mara moja kisha kupanda mulima badala ya kuiacha itembee polepole dakika moja ao mbili ili turbo ipoe. Lakini segema yenye kulika kwa vumbi inasema ingine: shofere aliomba filitre, na kamati ilijibu "mwezi wenye kuja". Kichwa cheusi kwa chini kinasema mafuta hayakubadilishwa kwa sababu feza ilienda kwingine. Magunia 30 ya kupita kipimo, ni nani aliruhusu? Pistoni haiko na ndugu wala rafiki katika kamati. Itamushitaki shofere kama ana kosa, na itamutetea kama hana. Koperative yenye kukata mushahara wa mutu bila kuisoma inaiba, hata kama inapiga kura.

Mambo ine yenye ninapendekeza

Wakati wa mukutano mukubwa wenye kuja, wanamemba waandike maamuzi haya katika kitabu cha koperative:

1. Hakuna feza ya piesi kubwa ya motere itatoka mbele ya piesi ya zamani kuwekwa juu ya meza na sababu ya kifo chake kuandikwa.

2. Sababu hiyo itengenezwe pamoja na pistoni. Kama ni vumbi, bei ya filitre iingie katika hesabu ile ile. Kama ni injektere, bei ya kuzipima iingie. Kama feza haitoshi kwa vyote viwili, motere ingojee; isifungwe nusu-nusu.

3. Kila motokari iwe na daftari: siku ya kubadilisha mafuta, siku ya filitre, kilometa, uzito wa muzigo, na maombi ya shofere. Kamati iweke sahihi pembeni ya kila ombi, ikubali ao ikatae.

4. Piesi za zamani zisirudi kwa fundi wala kuuzishwa kama chuma mbele ya mwaka kwisha. Zifungwe na kuwekwa depo, na tarehe juu yake. Zitakuwa kitabu cha wale wenye kuja nyuma.

Sisi wa mashirika ya musaada pia tuko na deni hapa. Tunajua kutoa funguo za motokari na kupiga picha. Tungepaswa kutoa pia kitabu cha vipimo vya motere hiyo, filitre za mwaka muzima, na siku mbili za mafunzo kwa shofere, fundi na kamati pamoja. Makampuni ya Ujerumani yenye kutengeneza pistoni, kama MAHLE na Kolbenschmidt, yamechapisha vitabu vya picha vyenye kuonyesha pistoni zenye kufa na sababu zake. Ukurasa mumoja wa picha za namna hiyo, katika Kiswahili chetu, wenye kubandikwa ku mulango wa depo, ungesaidia kuliko semina nyingi.

Kama usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wakulima wa Kaniama wanajua kung'oa muhindi wenye kunyauka na kuangalia muzizi wake mbele ya kupanda mwingine pale pale. Wafanye vile vile na motere. Mukutano ukiitishwa na mutu akiuliza bei ya pistoni mupya, mumoja wenu asimame aombe gunia litandikwe chini.